Kutoka Dar Kwenda Mkoani: Kinachohama na Kinachobaki

Barua ya uhamisho huwa fupi. Ina kumbukumbu namba, jina la mtumishi, kituo anachotoka, kituo anachokwenda na tarehe ya kuripoti. Aya mbili, sahihi na muhuri, basi. Mhusika huisoma mara tatu akiwa bado amesimama karibu na dawati la masijala, kisha huipiga picha na kuituma nyumbani. Hapo ndipo maswali huanza, na karibu yote hayamo katika barua: nyumba, mume au mke, duka la nguo la Sinza, mtoto aliyefika darasa la sita, mama anayehudhuria kliniki Muhimbili, marejesho ya kikoba.

Makala hii inajaribu kuyapanga maswali hayo. Hoja yake ni moja: barua huhamisha mshahara, lakini kaya nyingi za Dar es Salaam haziishi kwa mshahara peke yake. Zinaishi kwa mshahara, kwa mishe za pembeni, na kwa watu waliozizunguka. Mshahara hufika kituo kipya bila kupungua hata senti. Hayo mengine mawili hayana barua.

Mji mkuu uliohama

Tanzania ina kisa chake. Kwa miaka mingi "kwenda mkoani" maana yake ilikuwa kuiacha Dar, na pamoja nayo bandari, wizara, makao makuu ya benki na nafasi ya kuonekana na wakubwa. Wengine waliona ni adhabu, walisema fulani "katupwa mkoani." Kisha serikali yenyewe ikafunga mizigo.

Uamuzi ulikuwa wa zamani. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma, ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile iliyojulikana kwa kifupi CDA, na kazi ikapangiwa miaka kumi. Ikapita zaidi ya arobaini. Bunge lilianza kukaa Dodoma kwa kudumu mwaka 1996, lakini wabunge na mawaziri walikuja wakati wa vikao wakaondoka vikiisha, na mji ukazoea kuishi kwa msimu. Nyumba za wageni zilijaa wakati wa bunge la bajeti, baada ya hapo wenyeji wakabaki na mji wao na vumbi lao.

Mambo yalibadilika Julai 2016, Rais John Magufuli alipotangaza kwamba serikali yote itahamia Dodoma. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alihamia Septemba mwaka huohuo. CDA ilivunjwa mwaka 2017 na shughuli zake zikapelekwa halmashauri. Aprili 26, 2018, Dodoma ikatangazwa kuwa jiji, na mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya kuitambua kuwa makao makuu ya nchi. Mwaka 2019 ukafunguliwa Mji wa Serikali, Mtumba. Watumishi ambao wazazi wao walikuwa wamezeeka wakilisikia jambo hili redioni wakajikuta wanatafuta Fuso la kubeba makabati.

Sensa inaonyesha kilichotokea. Mwaka 2012 Dodoma mjini ilikuwa na watu 410,956. Mwaka 2022 walikuwa 765,179. Lakini mwaka huohuo 2022 Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728, yaani mara saba ya jiji la Dodoma. Anayehama ni sawa na mfanyabiashara anayeacha soko lenye wateja saba akaingia soko lenye mteja mmoja. Mfano huu tutaurudia.

Hesabu ya kodi inavyodanganya

Watu huanza na kodi ya nyumba, kwa sababu ndiyo hesabu rahisi. "Mkoani maisha nafuu," husema. Ni kweli kwa kiasi. Nyumba yenye uwa, ambayo Dar ingekuwa ndoto, Mbeya au Dodoma huweza kupatikana kwa bei ya vyumba viwili vya Kinondoni. Nyama, mchele na mboga mara nyingi hushuka bei unapokaribia zinakotoka: sato ni rahisi Mwanza, viazi na ndizi ni rahisi Mbeya.

Ila kodi ina mambo yake. Kwanza, wenye nyumba wengi hutaka miezi mitatu, sita au hata mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja. Tuseme, kwa mfano tu, mtu alilipa laki tatu Dar na sasa amepata nyumba ya laki mbili na nusu. Anaokoa elfu hamsini kwa mwezi. Kama dalali amechukua laki mbili na nusu na lori la mizigo laki saba na nusu, amekwishatumia milioni moja isiyorudi. Atahitaji miezi 20 kuirudisha kwa akiba ile ya elfu hamsini, na ndani ya miezi 20 anaweza kuletewa barua nyingine.

Pili, mji unaopokea wageni wengi kwa wakati mmoja haubaki na bei zake za jana. Dodoma ilipokea watumishi haraka kuliko mafundi walivyoweza kujenga, na wenye nyumba wakalijua hilo mapema kuliko wapangaji.

Tatu, na hili husahaulika, watu wengi wa Dar wenye umri wa miaka arobaini kwenda juu wamekwishajenga, iwe Chanika, Goba, Kibamba au Mbagala. Hawakuwa wakilipa kodi. Kwao kuhama ni kurudi kuwa mpangaji ukubwani, huku nyumba yao ikikaliwa na mpangaji mwingine ambaye kodi yake lazima ifuatiliwe kwa simu kutoka kilomita 450.

Kilicho nafuu kwa hakika ni muda. Mtu wa Chanika aliyekuwa akiamka saa kumi alfajiri ili awahi foleni, na kurudi watoto wamelala, akifika mji wa mkoani hurudishiwa saa mbili au tatu kila siku. Wapo wanaosema hilo peke yake linatosha. Hata hivyo mji mdogo nao una umbali wake. Mtumba iko kilomita zipatazo 17 kutoka katikati ya Dodoma, na aliyepanga Nkuhungu kwa sababu kodi ni ndogo hugundua kwamba anakatiza jiji zima kila asubuhi. Kanuni iliyotumika Dar ni ileile: panga karibu na kazi kwanza, mengine utayajua baadaye.

Mishe haihamishwi

Sasa turudi kwenye wateja saba na mteja mmoja. Mwalimu wa Dar ana wanafunzi wa tuisheni jioni. Mhasibu anafunga hesabu za maduka matatu ya Kariakoo. Muuguzi ana genge mtaani linaloendeshwa na mdogo wake. Mara nyingi kipato hiki ndicho kinacholipa ada, na mshahara hubaki wa chakula na mkopo wa benki. Siku ya kuhama, wanafunzi wa tuisheni hawamfuati mwalimu.

Wengi hujaribu kuendesha biashara kwa simu. Malipo kwa simu yamerahisisha kupokea fedha, lakini simu haihesabu mzigo uliobaki kwenye shelfu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi tuongeze kwamba hata daftari likiwapo, anayeliandika akiwa kijana wa dukani na mwenye mali yuko mkoani, habari hufika zimechelewa.

Upande wa pili wa sarafu upo. Mji mdogo una mapengo. Huduma ambayo Dar ina watu elfu wanaoitoa, mkoani huenda ina watatu, na wawili kati yao hawapokei simu: fundi wa friji anayekuja siku aliyoahidi, mtu wa keki na chakula cha shughuli, kituo cha kulelea watoto kinachofunguliwa kabla ya saa ya kazi. Aliyetoka jiji kubwa na ujuzi wa aina hiyo hupata jina haraka, kwa kuwa mji mdogo husambaza sifa upesi. Husambaza na aibu upesi vilevile.

Hapa ndipo neno "mkoani" linapodanganya, kwa kuwa linaifunga miji isiyofanana katika kapu moja. Kila mji una kinachoulisha na una kalenda yake. Dodoma hulishwa na mishahara, vikao vya Bunge na wanafunzi wa Chuo Kikuu kilichoanzishwa 2007. Biashara hupanda mwisho wa mwezi na wakati wa bajeti kati ya Aprili na Juni, kisha hushuka chuo kikifungwa. Mwanza inategemea ziwa, biashara na migodi ya dhahabu ya Geita iliyo jirani, na tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limeondoa foleni ya kivuko iliyokuwa ikiutenga upande wa pili. Mbeya ni mji wa mazao na barabara ya kwenda Tunduma, mpakani mwa Zambia. Arusha ina watalii na makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwenye kutaka kufungua mgahawa akiiga hesabu za Arusha akiwa Dodoma atafunga mwezi wa tisa. Ushauri wa wenyeji ni mzuri: kaa miezi mitatu bila kufungua chochote, uone fedha zinatoka wapi na zinaingia lini.

Mwenza, watoto na treni ya Ijumaa

Swali zito zaidi huulizwa usiku, sebuleni: "Na mimi je?"

Kama wote wawili ni watumishi wa umma, lipo dirisha. Mtumishi anaweza kuomba uhamisho kumfuata mwenza, au kubadilishana kituo na mwenzake wa kada ileile. Huchukua muda, lakini njia ipo. Kama mwenza ni mfanyabiashara, au ameajiriwa na kampuni ambayo ofisi yake ipo Dar tu, hakuna dirisha. Mmoja lazima apoteze, na mara nyingi anayepoteza ni mke, kwa hoja kwamba duka lake "ni dogo." Hoja hiyo ipimwe kwa daftari kabla ya kupimwa kwa desturi. Duka dogo linaloingiza laki nne kwa mwezi ni kubwa kuliko akiba yoyote ya kodi itakayopatikana mkoani.

Watoto wana kalenda yao pia. Mwaka wa shule huanza Januari, na mtoto wa darasa la saba au kidato cha nne haguswi. Hilo wazazi wengi wamekubaliana bila kikao. Wazee wanaouguzwa nao wahesabiwe. Kanda zina hospitali kubwa, kama Bugando Mwanza, Benjamin Mkapa Dodoma na Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, lakini mgonjwa aliyezoea daktari wake wa Muhimbili au wa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete huenda akalazimika kuendelea kumfuata Dar.

Kwa hiyo familia nyingi huchagua kugawanyika: mmoja atangulie, wengine watafuata. Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, imefanya uamuzi huo kuwa rahisi mno. Safari iliyomaliza siku nzima kwa basi sasa huchukua saa chache, na nauli ya kawaida ilipoanza ilikuwa shilingi 31,000. Kwenda na kurudi kila wiki ni 248,000 kwa mwezi. Ni fedha nyingi, lakini kwa mwenye mshahara wa kati inawezekana, na kwa sababu inawezekana, watu wanafanya.

Tuliambiwa reli itaijenga Dodoma. Inaijenga, ndiyo, lakini jioni ya Ijumaa inaisaidia Dar kuwarudisha watu wake. Ukienda stesheni ya Dodoma siku hiyo utawaona wamebeba begi dogo na zabibu za watoto. Wengine wamefanya hivyo mwaka wa pili, wa tatu. Wamepanga chumba kimoja chenye godoro, mtungi mdogo wa gesi na kamba ya kuanikia nguo. Ukiwauliza wanakaa wapi, watajibu, "Niko hapa kikazi tu." Wanalipia maisha mawili na hawaishi vizuri hata moja. Kwa miezi sita mpango huu ni busara. Ukizidi mwaka bila tarehe ya mwisho, ni uamuzi ambao hakuna aliyeufanya.

Cheo, haki na mlango wa kurudi

Kikazi, mji wa mkoani una faida ambayo makao makuu hayana. Ofisi ni ndogo, kwa hiyo mtu mmoja hushika mambo mengi. Ofisa mkopo wa benki ambaye Dar angekaa miaka mitano akikagua aina moja ya fomu, akiwa ofisi ya kanda anaonana na mkulima, mvuvi na mwenye kiwanda katika wiki moja, na anajulikana kwa jina na watu ambao Dar angewaona kwenye televisheni tu.

Hasara yake ni kwamba ngazi ni fupi. Ukiwa meneja wa kanda, hatua inayofuata iko Dar, na waliobaki makao makuu wako karibu na masikio ya wanaoamua. Kwa hiyo anayekwenda kwa ajili ya kupanda cheo aulize mapema: ni muda gani, na nikirudi narudi kwenye nafasi ipi? Jibu liwe kwenye karatasi. Kwa watumishi wa wizara zilizohamia Dodoma mambo yamegeuka: ngazi sasa iko huko, na aliyeng'ang'ania Dar ndiye aliye pembezoni.

Haki za uhamisho nazo zijulikane. Mtumishi wa umma anayehamishwa na mwajiri hustahili kulipwa gharama: nauli ya familia, usafirishaji wa mizigo, posho ya kujikimu na ya usumbufu. Aliyeomba mwenyewe hujigharimia. Tofauti hiyo ya maneno mawili kwenye barua inaweza kuwa na thamani ya mshahara wa miezi kadhaa, na madai ya uhamisho yasiyolipwa yamekuwa kilio cha walimu kwa miaka mingi. Kwenye sekta binafsi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 43, inasema mkataba ukivunjwa mahali tofauti na pale mfanyakazi alipoajiriwa, mwajiri atamsafirisha yeye na mizigo yake kurudi alikoajiriwa au atamlipa gharama hizo, pamoja na fedha ya kujikimu wakati akisubiri. Ndiyo maana "mahali pa kuajiriwa" kwenye mkataba mpya si mstari wa kujaza tu. Ukikubali uandikwe Mwanza ilhali ulitolewa Dar, umeufunga mlango wa kurudi kwa mkono wako.

Majirani zetu Kenya wana sura nyingine ya suala hili. Tangu serikali 47 za kaunti zianze kazi mwaka 2013, ajira nyingi za afya na kilimo zimekuwa za kaunti, na miji kama Nakuru, iliyopewa hadhi ya jiji 2021, na Eldoret, iliyoipata 2024, imevuta wataalamu kutoka Nairobi. Lakini huko posho ya nyumba ya mtumishi wa umma hutegemea mahali anapofanyia kazi, na Nairobi iko juu kabisa. Anayetoka Nairobi huona hata karatasi ya mshahara imebadilika. Kwa Wakenya, basi, hata mshahara, tuliosema huhama salama, hauhami mzima.

Ardhi na salamu

Ukiwauliza waliokwenda mkoani kwa shingo upande kisha wakabaki, wengi watataja kiwanja. Kijana ambaye Dar angenunua eneo lisilopimwa, mbali na barabara, akiwa Dodoma au Mbeya anaweza kupata kiwanja kilichopimwa, chenye barabara kwenye ramani, akaanza msingi akiwa na miaka thelathini. Tahadhari ni ileile ya kila mahali, na Dodoma zaidi: viwanja vingi vilipimwa juu ya mashamba ya watu, na migogoro ya fidia na ya kiwanja kimoja kugawiwa watu wawili imezunguka ofisi za ardhi miaka nenda rudi. Nunua baada ya kwenda ofisi ya ardhi, ukaongea pia na jirani wa kiwanja.

Halafu kuna mji wenyewe. Dodoma ni kame. Mvua ni ya msimu mmoja, maji mengi ya bomba hutoka visima vya Mzakwe, na kwa mitaa mingi tangi si anasa. Juni na Julai upepo wa usiku humfanya mtu wa Pwani atafute blanketi la pili. Mbeya ni baridi zaidi. Mambo haya huonekana madogo hadi mtoto mwenye pumu aanze kukohoa vumbi la Agosti.

Kuna pia salamu. Mji mdogo hupima mgeni kwa anavyosalimia. Anayejifunza "mbukwenyi" ya Wagogo au "mwangaluka" ya Wasukuma, akasimama kidogo kujibu habari za nyumbani, atapata fundi wa maji Jumapili. Anayepita kama yuko Posta saa moja asubuhi atabaki mgeni, na gharama ya kuwa mgeni hulipwa kidogo kidogo, katika kila huduma.

Nani aende

Kwa mizania hii, wanaonufaika wazi ni vijana ambao hawajajenga wala kufungua biashara Dar, wenza ambao wote wanahamishika, na wale ambao kazi yenyewe imehamia huko. Wanaopaswa kufikiri mara mbili ni kaya ambayo kipato cha pembeni kinazidi mshahara, yenye mtoto wa darasa la mtihani, au yenye mgonjwa wa kliniki maalumu. Kwao nyongeza ndogo ya mshahara ni hasara iliyovalishwa suti.

Waajiri nao wana la kufanya. Wakimhamisha mtu, waulize mwenza wake anafanya kazi gani kabla barua haijasainiwa, na walipe gharama kabla lori halijafika. Mtumishi ambaye moyo wake uko kwenye treni ya Ijumaa huanza kuondoka kazini Alhamisi.

Na wewe unayesoma ukiwa na barua mkononi: hesabu kinachobaki kabla ya kuhesabu unachoongezewa. Ukiona hasara ni kubwa, andika barua ya kuomba kubaki, ueleze sababu kwa namba. Ukiona inafaa, nenda, lakini jiwekee tarehe ya kuileta familia au ya kurudi, na uiheshimu. Godoro sakafuni si makazi.